Serikali ikitega sikio kwenye simu yako: nani atoa ruhusa, na wewe utaambiwa lini?

Swali hili laulizwa sana hapa Mombasa, barazani Majengo, kwenye foleni ya feri, kwa kinyozi, kila mahali: ati serikali yaweza kusikiliza simu yangu? Jibu fupi ni ndio, yaweza, na sheria imeipa uwezo huo waziwazi. Jibu refu ndio lenye kazi, manake uwezo wenyewe umetawanywa kwenye sheria kadhaa, hii yataka kibali cha korti, ile yasema waziri ndiye ataweka utaratibu, nyingine yakulinda kwa mkono mmoja na kukuachilia kwa mkono wa pili pale neno "usalama wa taifa" likitajwa. Mtu wa kawaida akisoma moja peke yake aweza kulala usingizi mzuri, akisoma zote pamoja ataanza kuuliza maswali.

Na watu wetu wengi wako pande mbili kwenye jambo hili. Kuna wale washaamini kwamba kila simu inayopigwa Kenya kuna mtu ameketi mahali anaisikiliza, kwa hivyo hakuna haja hata ya kulalamika. Na kuna wale wasemao mimi sina cha kuficha, wasikilize tu. Kila upande una hasara yake, wa kwanza ushakata tamaa na wa pili hauulizi. Wacha tuende polepole, nitajaribu kulifungua fundo moja baada ya lingine.

Tuanze na katiba, kwa sababu kila kitu chapimwa hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yasema kila mtu ana haki ya faragha, na imetaja mambo manne: usipekuliwe mwili, nyumba wala mali yako, vitu vyako visichukuliwe, habari za familia yako na mambo yako ya siri zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Ni maneno mazito. Lakini haki hii si katika zile ambazo haziguswi kabisa. Haki zisizoguswa ziko kifungu cha 25, kama kutoteswa na kupata kesi ya haki. Faragha yaweza kupunguzwa, ila kifungu cha 24 kimeweka masharti: lazima iwe kwa sheria, lazima iwe na sababu ya maana katika nchi ya kidemokrasia, na lazima iangaliwe kama hakuna njia nyingine ya kufika pale pale bila kuumiza haki kiasi hicho. Hilo sharti la mwisho liweke akilini, ndilo husahauliwa haraka zaidi.

Sasa kwa nini serikali ilitaka uwezo huu? Hapa lazima tuseme ukweli, haikuwa mchezo. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa, watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Wakenya waliokuwa wanapita tu au wako kazini majengo ya jirani. Novemba 2002 ikawa Kikambala, hapo tu mbele ya Mtwapa, hoteli ya Paradise ikapigwa na bomu la gari, na asubuhi hiyo hiyo makombora yakarushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa inaruka kutoka uwanja wa Moi hapa Mombasa, yakaikosa. Pale Kikambala waliokufa wengi walikuwa Wakenya, na kulikuwa na wachezaji ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Septemba 2013 Westgate, watu 67. Juni 2014 Mpeketoni, zaidi ya 60. Mwisho wa mwaka huo huo Mandera, abiria 28 wa basi mwezi wa Novemba na wachimba mawe 36 siku chache baadaye. Kwa hivyo mtu akisema polisi wasiwe na njia yoyote ya kufuata mawasiliano ya watu wanaopanga mambo kama haya, mimi siko naye. Mtu anayepanga kuua anapiga simu, anatuma pesa, anakodi nyumba, na simu ndio mara nyingi huacha alama.

Lakini kumfuata mtu anayeshukiwa kwa sababu inayoeleweka ni kitu kimoja, na kuuweka wavu juu ya mji mzima ni kitu kingine. Hizi sheria zetu zimechanganya yote mawili na ndio maana nimeamua kuandika.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kifungu cha 36. Huu ndio mlango mzuri, niseme hivo. Polisi wa kawaida hawezi, lazima awe cheo cha Chifu Inspekta kwenda juu. Huyo naye hawezi kwenda kortini hivi hivi, lazima kwanza apate ruhusa ya maandishi kutoka kwa Inspekta Jenerali wa polisi au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kisha ndio aende mahakamani aombe amri, na mahakama yaangalia kama habari inayotafutwa yahusu kosa la ugaidi kweli au mahali alipo mshukiwa. Amri ikitoka, kampuni ya simu yaambiwa inase mawasiliano fulani na kuyahifadhi, ama polisi waruhusiwa kuingia mahali na kuweka kifaa. Mshukiwa haitwi, kesi yasikilizwa upande mmoja peke yake, na hilo naona lina sababu, huwezi kumwambia mtu njoo ujitetee kesho tunataka kukusikiliza. Ila wajua hakimu akisikiliza upande mmoja tu, hakuna mtu mle ndani wa kumwambia "hiyo nambari si ya mshukiwa ni ya shemeji yake". Shikilia hapo, nitarudi.

Mlango wa pili ni wa Idara ya Ujasusi, NIS, nayo ina sheria yake ya 2012. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo (nambari zimegongana kwa bahati tu) chasema haki ya faragha ya mtu anayeshukiwa yaweza kuwekewa mipaka na mawasiliano yake yachunguzwe, na idara itafute waranti kabla ya kuanza. Tofauti kubwa na polisi ni kwamba polisi watafuta ushahidi wa kupeleka kortini, kwa hivyo siku moja lazima kazi yao ionekane, wakili wa mshtakiwa ataipekua. Jasusi hatafuti kesi, atafuta habari. Habari yake yaweza kukaa kabatini miaka na hakuna kesi wala wakili atakayeiuliza imepatikanaje.

Na mlango wa tatu ndio ulioleta kelele zote. Desemba 2014, damu ya Mandera haijakauka, bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha sheria za usalama katika kikao ambacho wabunge walishikana mashati mbele ya kamera, Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi siku ya pili yake, tarehe 19. Ndani ya hiyo sheria kukaongezwa kifungu cha 36A kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Chasema vyombo vya usalama wa taifa vyaweza kunasa mawasiliano kwa ajili ya kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na waziri, na kanuni hizo za waziri hazianzi kazi mpaka bunge la kitaifa lizipitishe. Alafu chasema waziwazi kwamba haki ya kifungu cha 31 itapunguzwa kwa ajili hiyo.

Soma tena polepole. Hakuna neno korti hapo. Na vyombo vya usalama wa taifa kwa mujibu wa katiba ni vitatu: polisi, ujasusi, na jeshi. Yaani kifungu cha 36 kimeweka ngazi za kupanda, cheo, ruhusa ya mkubwa, hakimu, na kifungu kinachokifuata chasema vyombo vitatu vyaweza kunasa kwa utaratibu wa waziri. Cha kwanza chasema kutafuta ushahidi wa kosa. Cha pili chasema kugundua, na kugundua ni kazi ambayo haina mwanzo wala mwisho, manake ili ugundue usichokijua inabidi uangalie hata watu ambao huna lolote juu yao.

Upinzani wa wakati huo, CORD, walikimbia Mahakama Kuu pamoja na wengine. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano waliitupa nje sehemu ya sheria ile, vifungu 8, pamoja na kile cha kuweka idadi ya wakimbizi isizidi 150,000 na kile cha kuwafunga waandishi. Watu walishangilia. Lakini kifungu cha kunasa mawasiliano kiliponea. Majaji walikubali kwamba ni kuingilia faragha, wakapima na hatari ya ugaidi ilivyokuwa nchini, wakaona kwamba ni halali kwa vile lazima mawasiliano yenyewe yahusiane moja kwa moja na ugaidi na kanuni zipitie bunge. Sijakubaliana na majaji hapo na nitasema kwa nini: bunge likipitisha kanuni limefanya kazi mara moja tu, halipo usiku ule ofisa anapochagua nambari gani ifuatwe. Hakimu ndiye anayekuwepo kwa kila nambari, na yeye ndiye aliyeachwa nje ya mlango huu.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo naona watu hawalijui kabisa na ndilo kubwa kuliko yote. Wengi wakisikia kusikilizwa simu wafikiria mtu amevaa hedifoni anasikia maneno. Maneno ni kazi nyingi, yataka mtu wa kukaa, yataka mtu ajuaye Kiswahili cha hapa, Kigiriama, Kisomali. Kinachotumika zaidi ni zile rekodi za simu, zile ambazo kampuni zinaweka zenyewe kwa ajili ya bili na kuendesha mtandao: nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo, nambari ya kifaa chenyewe, na mnara uliokushika wakati huo. Ukiangalia mstari mmoja hauna maana. Ukipata mistari ya miezi mitatu ni maisha ya mtu.

Chukua mama mmoja wa Likoni afanyaye kazi jikoni kwenye hoteli Nyali. Alfajiri saa kumi na moja na dakika arobaini simu yake iko kwenye mnara wa Likoni. Dakika ishirini baadaye yashikwa na mnara wa kisiwani, basi amevuka feri. Saa kumi na mbili na nusu iko Nyali na yakaa huko mpaka jioni, kila siku isipokuwa Jumanne, basi hiyo ndio ofu yake. Mara mbili kwa wiki yaingia simu kutoka Jeddah, dakika arobaini, usiku, basi ana mtoto kule au mume. Siku moja ya kazi simu haiko Nyali iko Tudor, yapiga nambari ya kliniki, kisha yampigia nambari moja ya Ukunda mara nne mfululizo, ya mwisho dakika hamsini. Wiki mbili baadaye tena Tudor. Hakuna aliyesikia hata neno moja, lakini anayezisoma hizo rekodi ashajua kwamba huyu mama ana ugonjwa, amemwambia dada yake wa Ukunda peke yake, na hajamwambia wa Jeddah. Ongeza rekodi za M-Pesa hapo, nani amtumia nani na tarehe ngapi, na umebakisha nini?

Alafu kuna kijana wa boda anayempigia kila jioni amtoe stejini mpaka nyumbani. Kijana yule ana wateja wengine, na mmoja wao polisi wamtafuta. Kwenye karatasi huyu mama sasa yuko hatua mbili kutoka kwa mtu anayetafutwa, anaongea na kiungo chake kila siku jioni kwa sekunde thelathini, na ana simu za usiku kutoka nje ya nchi. Kila kitu kwenye hiyo sentensi ni kweli na yote ni bure. Ndio maana nilisema shikilia pale kwa hakimu anayesikiliza upande mmoja.

Kwa Mombasa jambo hili ni zito kuliko sehemu zingine, manake sisi familia zetu ziko Jeddah, Muscat, Dubai, Zanzibar, Mogadishu, Mukalla. Tunatumiana pesa kwa njia zote. Tunaswali misikiti ambayo mingine imeshawahi kuvamiwa na polisi, wengi twakumbuka Masjid Musa Februari 2014. Mtu wa hapa akichorwa kwenye ramani ya simu ataonekana na mishale mingi ya kwenda nje, na yule anayeichora ramani kule Nairobi huenda hajui kwamba hivyo ndivyo pwani ilivyo tangu enzi na enzi.

Njia za kupata habari zenyewe ziko kama nne hivi, nitazipita haraka. Ya kwanza ni kupitia kampuni ya simu, ambayo kisheria haifai kutoa kitu bila amri halali, na sheria ya mawasiliano ya 1998 imefanya kunasa ujumbe wa mteja kinyume cha sheria kuwa kosa la jinai. Mwaka 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa ripoti likisema majasusi wetu wana njia ya kuingia moja kwa moja kwenye mitandao ya simu na kwamba habari zapitishwa kwa vitengo vya polisi. Na 2024 baada ya yale maandamano ya vijana magazeti yaliandika tena juu ya polisi na data za wateja, Safaricom ikajibu kwamba haitoi data ila kwa amri ya korti. Ya pili ni mnara bandia, kifaa kinachojifanya mnara wa simu na simu zote za karibu zajiunga nacho. Ya tatu ni ule mfumo wa zamani uitwao SS7, uliobuniwa miaka ya 1970, ambao kampuni za simu duniani hutumia kuulizana mteja yuko wapi, na ukiununua mlango wa kuingia humo waweza kujua simu iko wapi bila hata kuigusa. Watafiti wa Citizen Lab wa Toronto walisema Desemba 2020 kwamba Kenya yaelekea ni miongoni mwa nchi 25 zenye vifaa vya kampuni iitwayo Circles inayofanya kazi hiyo. Ya nne ni programu za kijasusi kama Pegasus, hiyo yaingia ndani ya simu yenyewe, na hapo hata WhatsApp haikusaidii, kwa sababu WhatsApp hufunga ujumbe ukiwa njiani tu, ukishafika kwenye simu yako uko wazi kwa yeyote aliye ndani ya simu.

Na hatuzungumzii serikali yetu peke yake. Mwaka 2014 nyaraka za Edward Snowden, yule aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, zilionyesha kwamba Marekani walikuwa wanakusanya rekodi za simu za Kenya kwa mpango ulioitwa MYSTIC. Rekodi za simu za nchi nzima jamani! Mtu wa Kisauni hakuwa na bunge la kumlalamikia wala mahakama ya kumsikiliza, yeye si raia wa kule.

Sasa je, kukusanya kwingi kwasaidia? Hapa Marekani wenyewe wametupa jibu. Baada ya Snowden, bodi yao ya serikali ya kuangalia faragha ilichunguza ule mpango wa kukusanya rekodi za simu za Wamarekani wote, na Januari 2014 ikaripoti kwamba haikuona hata mara moja ambapo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wa tishio la ugaidi dhidi ya nchi yao. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa wakaacha kukusanya kwa mtindo ule.

Linganisha na kesi ya Westgate hapa kwetu. Oktoba 2020 watu wawili walipatikana na hatia, na ushahidi mkubwa ulikuwa ni mawasiliano ya simu na washambuliaji. Hizo ni rekodi zilizoanzia kwa nambari inayojulikana, ya mtu aliyeshika bunduki, zikarudi nyuma. Zililetwa kortini, zikahojiwa na mawakili, na mshtakiwa wa tatu ambaye ushahidi haukumfunga aliachiliwa na hakimu. Hivyo ndivyo simu inavyofaa kutumika. Kisha siku moja baada ya kuachiliwa yule wa tatu akatekwa na watu Nairobi mchana kweupe akatoweka. Ndio naandika haya kwa uchungu, korti imesema huna hatia na bado kuna watu wanakungoja nje.

Na Garissa, Aprili 2015, wanafunzi na wengine 148. Watu husahau kwamba tahadhari zilikuwepo kabla, vyuo vilishaambiwa viwe macho. Kilichokosekana ni watu wa kuitikia, kikosi maalumu cha polisi kiitwacho Recce kilichelewa masaa mengi kufika kutoka Nairobi huku watoto wa watu wanauliwa mabwenini. Kwa hivyo kila shambulio likitokea na mtu akasema tuongezewe uwezo wa kusikiliza, muulize kwanza, ule uliokuwa nao ulikwambia nini na ukafanya nini nao?

Tumefika kwa fundo lenyewe ambalo kwangu mimi ndilo kubwa, kuambiwa. Tuseme yule mama wa Likoni alifuatwa miezi sita, wakaona hana lolote, wakafunga faili. Nani atamwambia? Hakuna. Na asipojua hawezi kwenda kortini, hawezi kulalamika kwa bodi ya malalamiko ya NIS iliyowekwa na sheria, hawezi kudai fidia. Zile adhabu zote kwa ofisa anayevuka mpaka zabaki karatasi, kwa sababu mlalamishi pekee ni mtu asiyejua kama ana cha kulalamikia.

Afrika Kusini wameshalipitia hili. Kuna mwandishi wa kituo cha amaBhungane, Sam Sole, alikuja kujua alinaswa kwa sababu mazungumzo yake na mwendesha mashtaka yalitokea kwenye karatasi za kesi nyingine kabisa. Wakaenda kortini, na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya kule ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano ina kasoro dhidi ya katiba, na kasoro moja ni kwamba haimwambii mtu hata baada ya kazi kwisha. Wakalipatia bunge miaka mitatu kurekebisha, na kwa wakati huo wakaweka utaratibu wa muda: muda wa kunasa ukiisha, mtu aambiwe ndani ya siku 90, isipokuwa hakimu aongeze muda kwa sababu uchunguzi bado waendelea. Mahakama hiyo hiyo ikasema pia kwamba kule kunasa kwa jumla kwa wavu mkubwa hakukuwa na sheria yoyote iliyokuruhusu.

Tazama jinsi ilivyo rahisi. Haimnyimi polisi kitu. Gaidi hajaambiwa mapema. Ila ofisa akijua kwamba baada ya miezi mitatu huyu mtu atapata barua, ataandika sababu zake vizuri, na hatatia nambari ya mke wake wala ya mwanasiasa anayemkera kwenye orodha ya magaidi. Hili laweza kuandikwa kwenye kifungu cha 36 chetu kwa aya moja tu.

Jambo la pili la kudai ni kampuni ya simu ione kibali kwa macho yake. Mahakama ya Ulaya huko Strasbourg, kwenye kesi ya Zakharov dhidi ya Urusi mwaka 2015, iliona shida hiyo hiyo: kama chombo cha ujasusi kina waya wake wa moja kwa moja, basi hata sheria ikisema waranti lazima, hakuna mtu wa kuiuliza hiyo waranti iko wapi. Kibali ambacho hakionyeshwi kwa mtu yeyote nje ya ofisi hiyo chalinda nini?

Wengine watasema tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Ni sheria nzuri, imesaidia watu wengi dhidi ya kampuni za mikopo na mashule yanayobandika picha za watoto. Lakini kifungu cha 51 chatoa msamaha pale usalama wa taifa unapohusika, kwa hivyo kwa mambo haya tunayozungumza usiitegemee sana. Na ile kesi ya mtambo wa mamlaka ya mawasiliano wa kutambua simu bandia yaonyesha jinsi mambo yanavyozunguka: 2018 Mahakama Kuu ilisema waingilia faragha, 2020 Mahakama ya Rufaa ikapindua, 2023 rufaa ya chama cha mawakili ikaanguka Mahakama ya Upeo. Miaka mitano kwa mtambo mmoja, na huo walau ulitangazwa.

Kuna na mashirika yetu wenyewe. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa Mombasa, yalijikuta kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Mashirika ambayo kazi yao ilikuwa ni kuandika majina ya vijana waliopotea. Ilichukua mpaka Novemba mwaka huo Mahakama Kuu hapa Mombasa kuamuru zifunguliwe. Walishinda kwa sababu orodha ilichapishwa, walijua, wakapata pa kusimama. Faili ya simu haichapishwi.

Na gharama ya haya yote yarudi kwa usalama wenyewe. Mzazi Kisauni aliyemwona mwanawe amebadilika, amehama nyumbani, apokea simu za ajabu, huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye polisi wangefaa kumsikia. Atapiga simu kweli kama aamini kwamba akipiga, nambari yake na ya wanawe wote yaingia kwenye orodha isiyofutwa? Nawajua wazazi walionyamaza kwa sababu hiyo, na siwalaumu.

Basi kwa sasa ukisimamishwa barabarani na askari akakwambia fungua simu nione WhatsApp, jua kwamba simu ni mali yako na mawasiliano yako yote yako kwenye kifungu cha 31, na kawaida ya sheria ni hati ya korti. Usipigane wala usikimbie. Muulize kwa adabu, "afande, una hati ya korti?", umtazame jina na nambari ya kazi, na kama ni kukamatwa uambiwe kwa kosa gani, kisha ufikishwe kortini ndani ya masaa 24. Simu ikichukuliwa yataka iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, wewe omba nambari ya OB. Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwa IPOA, wana ofisi hapa Mombasa. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona nambari usiyoijua nenda uikatae haraka, manake laini ikitumika kwa ubaya jina litakalotoka kwenye rekodi ni lako.

Na mbunge wako akija kuomba kura, aache kidogo habari ya basari na mabati, ajibu hili: kanuni za kifungu cha 36A umeziona, ulizipigia kura gani, na utaleta lini aya ya kutwambia tulionaswa bure?